Kupima daraja na kukadiria bei ya sarafu kongwe ya fedha yenye kasoro ndogo

Sarafu kongwe ya fedha isiyo na doa hata moja ni adimu, na mwenye nayo hahangaiki sana, kwa sababu katalogi na matokeo ya minada humwonyesha bei yake bila ubishi mkubwa. Ugumu uko kwenye sarafu za aina ambayo wakusanyaji wengi wanazo: picha inasomeka vizuri, mwaka uko wazi, lakini ukingo umebonyea mahali pamoja, au shavu lina mkwaruzo, au uso mzima unang'aa kwa namna inayolitia jicho wasiwasi. Baadhi ya wenye sarafu kama hiyo huishikilia bei ya sarafu safi ya mwaka huohuo na kukaa nayo miaka bila kupata mnunuzi, na wengine hulikubali neno la mnunuzi wa kwanza anayewaambia kwamba sarafu yenye kasoro haina thamani zaidi ya madini yake. Wote wawili wanapata hasara isiyo ya lazima.

Njia ninayoieleza hapa inategemea kanuni moja. Uchakavu ni jambo moja na kasoro ni jambo jingine. Kila moja lipimwe peke yake, na kasoro ikatwe kwenye bei mara moja tu, kwa kiasi kinacholingana na chanzo cha thamani ya sarafu hiyo, yaani kama inathaminiwa kwa sababu ya fedha iliyomo, kwa sababu ya hali yake nzuri, au kwa sababu ya uhaba wake.

Kabla ya yote, usiisafishe

Weusi unaojitokeza juu ya fedha ni salfaidi ya fedha, utando mwembamba unaotokea madini yanapokutana na salfa iliyomo katika hewa, katika karatasi za hali duni na katika mpira. Utando huo ukiwa umeenea kwa usawa hauharibu kitu, na mara nyingi wakusanyaji huupenda, hasa unapokuwa na rangi za dhahabu, buluu au zambarau. Dawa ya meno, majivu, limau, brashi na kitambaa cha kung'arishia vito huondoa utando huo pamoja na tabaka la juu la fedha yenyewe, na tabaka hilo halirudi. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu kasoro nyingi ninazoziona kwenye sarafu nzuri hazikutokana na miaka mia moja ya matumizi, bali na dakika tano za mtu aliyetaka kuipendezesha kabla ya kuiuza.

Kinachoruhusiwa ni kidogo sana. Mafuta ya vidole, gundi ya utepe na ule utelezi wa kijani unaoachwa na mifuko ya plastiki laini ya PVC vinaweza kuondolewa kwa kuiloweka sarafu ndani ya asetoni safi, katika chombo cha kioo, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha kuiacha ikauke yenyewe bila kuifuta. Asetoni haishambulii fedha wala haiondoi utando wa salfaidi. Kama uchafu hautoki kwa kulowekwa, uache ulivyo, na uueleze katika maelezo ya sarafu.

Unapoishika, ishike kwa ukingo, katikati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa kinene, ili ikikuponyoka isijigonge mezani na kuongeza kasoro kwenye zile unazotaka kuzipima.

Itambue sarafu na uhakikishe ni halali

Hakuna maana ya kupima daraja la sarafu ya bandia. Kwa hiyo tafuta kwanza viwango vilivyowekwa na kiwanda kilichoifua: uzito, kipenyo, kiasi cha fedha na muundo wa ukingo. Dola ya Marekani inayoitwa Morgan, iliyofuliwa kuanzia mwaka 1878 hadi 1904 na tena mwaka 1921, ina uzito wa gramu 26.73, kipenyo cha milimita 38.1, na sehemu 900 za fedha katika kila 1,000. Thaler ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia huyo, ina gramu 28.07 hivi na sehemu 833, na ukingoni ina maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA. Mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu na kipimo cha kipenyo vinatosha kuanza kazi.

Kumbuka kwamba sarafu iliyozunguka mikononi kwa muda mrefu hupungua uzito kidogo, ila upungufu huo lazima ulingane na kile unachokiona. Sarafu ambayo nywele na manyoya yake bado yamesimama wima, lakini imepungukiwa na gramu nzima, itiliwe shaka. Sumaku nayo isiivute. Kipimo kinachonituliza zaidi ni cha maji: weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa kuta wala sakafu ya bilauri. Namba inayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Ugawanye uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Dola ya Morgan ya kweli itasukuma takriban gramu 2.6 za maji, na jibu litakuwa karibu na 10.3, lakini ya bandia iliyotengenezwa kwa shaba nyeupe au shaba ya njano, hata kama uzito wake umelinganishwa kwa ustadi, itatoa jibu karibu na 9 au chini yake.

Tarehe iliyoandikwa haithibitishi umri katika kila sarafu. Thaler ya Maria Theresa inaonyesha mwaka 1780, ambao ndio mwaka aliofariki malkia huyo, lakini iliendelea kufuliwa kwa tarehe hiyohiyo kwa zaidi ya karne moja baada yake, Vienna na baadaye pia London, Paris, Roma na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi waliiamini kwa sura ile na si nyingine. Mtu anayeipangia bei kwa kuamini kwamba ilifuliwa mwaka 1780 atakuwa amekosea kabla hata hajafika kwenye kasoro. Kwa sarafu za aina nyingine, alama ndogo ya kiwanda ndiyo inayobadilisha kila kitu: herufi CC chini ya tai wa Morgan ina maana ya kiwanda cha Carson City, ambacho kilifua kiasi kidogo, na herufi hizo mbili peke yake zinaweza kuipandisha bei mara nyingi.

Pima uchakavu kwanza, na uchakavu peke yake

Kipimo kinachotumika zaidi leo kinaanzia 1 hadi 70. Kilibuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya sarafu kubwa za shaba za senti moja, na inafaa kujua kwamba tangu mwanzo kilikuwa kipimo cha bei: sarafu ya daraja la 70 ilikusudiwa iwe na thamani mara sabini ya ile ya daraja la 1. Uwiano huo ulivunjika zamani, lakini namba zilibaki, na herufi zinazotangulia namba zimekuwa lugha ya soko zima. G 4 ni sarafu ambayo umbo la picha linaonekana kama kivuli tu. F 12 ina sehemu kubwa ya mistari ya ndani iliyofutika. VF 20 hadi 35 ina mistari mingi lakini sehemu zilizoinuka zimekuwa bapa. XF 40 na 45 ina karibu mistari yote, huku vilele vikiwa vimesuguliwa. AU 50 hadi 58 ina dalili tu za uchakavu na bado imebakiza mng'ao wa kiwandani. MS 60 na kuendelea haina uchakavu wowote, na tofauti kati ya 60 na 70 hutokana na wingi wa alama za kugongana, nguvu ya mng'ao na uzuri wa kugongwa kwa chapa.

Kila muundo una vilele vyake, na hivyo ndivyo vinavyochakaa kwanza. Katika Morgan, tazama nywele zilizo juu ya sikio na juu ya paji la uso, na upande wa pili manyoya ya kifua cha tai. Katika sarafu yenye sura ya mtu kwa jumla, shavu, nyusi na nywele za pembeni mwa paji la uso ndiyo maeneo ya kuanzia. Tumia lenzi ya kukuza mara 5 hadi 7. Lenzi yenye nguvu kuliko hiyo hukufanya uone kasoro ambazo soko halizijali, na hapo ndipo wengi huzipunja sarafu zao wenyewe.

Kuna mtego mmoja hapa. Sarafu iliyogongwa kwa nguvu hafifu kiwandani inaweza kukosa mistari kwenye kilele bila kuwa imechakaa, na dola nyingi za Morgan zenye herufi O, zilizofuliwa New Orleans, zinajulikana kwa nywele bapa juu ya sikio. Namna ya kutofautisha ni kuutazama uso wa ile sehemu bapa: kama ung'aavu wake ni uleule wa maeneo yanayoizunguka, chapa ndiyo iliyokuwa dhaifu, lakini kama sehemu hiyo imebadilika rangi na kuwa ya kijivu kilichopooza, huku mipaka yake ikiwa laini, vidole na mifuko ya watu vimeisugua. Chapa dhaifu hupunguza mvuto na bei kidogo, lakini haishushi sarafu kutoka MS kwenda AU.

Andika daraja la uchakavu kwenye karatasi sasa, kabla ya kuendelea, na usilirudie kulibadilisha baada ya kuona kasoro. Sababu ya kusisitiza hivi ni kwamba akili ya mtu ikishaona mkwaruzo, huiona sarafu nzima kuwa imechakaa zaidi; sarafu ya XF 45 huitwa VF 30 kwa ajili ya mkwaruzo, kisha mkwaruzo uleule hukatwa tena kwenye bei ya VF 30. Muuzaji anajipunja mara mbili kwa jambo moja.

Kasoro na asili yake

Sasa washa taa moja yenye mwanga mkali unaotoka sehemu moja, zima nyingine zote, na uinamishe sarafu polepole chini ya mwanga huo huku ukiizungusha. Mwanga wa dirisha na wa taa ndefu za dari hutawanyika na kuficha kile unachokitafuta. Kwenye sarafu yenye mng'ao wa asili, miale miwili ya mwanga itazunguka usoni kama mikono ya gurudumu, kwa sababu fedha ilipogongwa ilitiririka kutoka katikati kwenda kingoni na kuacha mistari midogo sana isiyoonekana kwa macho matupu. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa pia, wakati mwingine kuliko ile ya asili, lakini mwanga wake umekaa tuli, hauzunguki. Ukiongeza kuikazia macho utaona mistari myembamba kama nywele, mingi ikielekea upande mmoja au ikizunguka kwa duara, ikipita bila kusita juu ya sehemu tambarare na kukoma ghafla kwenye ukuta wa herufi, ambapo kitambaa hakikuweza kuingia. Pembeni mwa herufi hizo mara nyingi hubaki uchafu mweusi wa zamani. Hiyo ndiyo sura ya sarafu iliyosafishwa, na hii ndiyo kasoro inayowapita wauzaji wengi na isiyompita mnunuzi yeyote mzoefu.

Kasoro nyingine zote zigawe katika makundi mawili, zilizotoka kiwandani na zilizopatikana baadaye, kwa kuwa soko linayatazama makundi hayo kwa macho tofauti kabisa. Mstari ulioinuka juu ya uso wa sarafu umetoka kwenye ufa au mkwaruzo wa muhuri wa chuma uliotumika kugonga. Hakuna ajali ya baadaye inayoweza kuongeza fedha juu ya uso. Mstari uliochimbika, wenye kingo zilizosukumwa juu pande zote mbili, ni mkwaruzo. Tumia lenzi na mwanga wa pembeni kuitofautisha, kwa sababu jicho hudanganyika kirahisi kati ya bonde na tuta. Mistari sambamba iliyochimbika kwenye sarafu za kabla ya karne ya 19, hasa karibu na kingo, inaweza kuwa ya tupa: kiwanda kilipokuta kipande kina uzito uliozidi, wafanyakazi walikipunguza kwa tupa kabla ya kukigonga. Dalili yake ni kwamba mistari hiyo hufifia au kukatika pale picha ilipogongwa juu yake. Alama za namna hiyo hupunguza uzuri, lakini ziandikwe kama alama za kiwanda, na zisiitwe uharibifu.

Katika kundi la pili, uzito wa kasoro hutegemea mambo mawili, mahali ilipo na jinsi inavyovuta jicho. Mkwaruzo wa milimita tatu katikati ya nywele nyingi haumsumbui mtu. Mkwaruzo huohuo shavuni, au katika sehemu tambarare iliyo mbele ya uso, ndio kitu cha kwanza atakachokiona kila anayeishika sarafu. Dola za Morgan zilihifadhiwa ndani ya mifuko ya dola 1,000 na zikawa zinagongana kila mifuko ilipohamishwa, kwa hiyo alama ndogondogo za kugongana ni za kawaida kwao na tayari zimeshahesabiwa ndani ya daraja. Usizihesabu tena kama kasoro. Mbonyeo wa ukingoni ni kasoro ndogo ikiwa haujafikia herufi, na inakuwa kubwa zaidi ikiwa umeusukuma ukingo hadi ukaharibu duara. Kutazama ukingo wenyewe, pande zote, ni hatua inayosahaulika, na hapo ndipo hugunduliwa alama ya kuondolewa kishikio: eneo dogo, aghalabu juu ya kichwa, ambalo mistari ya ukingo imekwanguliwa au imejazwa risasi ya kuungia, kwa sababu sarafu iliwahi kuvaliwa kama kidani. Kishikio kilichoondolewa na tundu lililozibwa si kasoro ndogo, hata zikiwa zimerekebishwa kwa ustadi.

Mihuri midogo iliyogongwa na wafanyabiashara wa China kwenye sarafu za Kihispania za reale nane na kwenye peso za Mexico, ili kuthibitisha kwamba fedha yake ni safi, iko katika nafasi ya pekee. Kuna wakusanyaji wanaozikataa sarafu hizo, na kuna wanaozitafuta kwa ajili ya mihuri hiyo hasa. Ukiwa na sarafu kama hiyo, ilinganishe bei na nyingine zenye mihuri, na usiilinganishe na zilizo safi.

Kutoka daraja kwenda bei

Anza na sakafu, yaani thamani ya fedha iliyomo, kwa kuwa bei haitashuka chini yake kwa kiasi kikubwa. Zidisha uzito kwa kiwango cha usafi, gawanya kwa 31.1035 ili upate aunsi, kisha zidisha kwa bei ya aunsi moja siku hiyo. Dola ya Morgan ina gramu 24.06 za fedha halisi, sawa na aunsi 0.7735. Usikisie kiwango cha usafi kwa kuangalia: sarafu ya Uingereza ya nusu krauni ya mwaka 1919 ina sehemu 925 za fedha, na ya mwaka 1920, iliyo na uzito uleule wa gramu 14.14 na inayofanana nayo sana, ina sehemu 500 tu, kwa hiyo sakafu ya moja ni karibu nusu ya sakafu ya nyingine. Kumbuka pia kwamba wanunuzi wa fedha ya kuyeyusha hulipa chini ya bei kamili ya soko, kwa kuwa kuyeyusha na kusafisha kuna gharama.

Hatua inayofuata ni kutafuta bei ambayo sarafu ya aina hiyohiyo, mwaka huohuo, alama ileile ya kiwanda na daraja lilelile la uchakavu, lakini isiyo na kasoro, imeuzwa kweli. Bei zinazoombwa na wauzaji hazina uzito wowote katika hesabu hii. Sarafu inaweza kuombewa bei ileile kwa miaka mitatu kwa sababu tu hakuna aliyeikubali. Kumbukumbu za minada ndizo zenye ushahidi, ila soma kwa makini kama namba iliyoandikwa ni bei ya nyundo, yaani ile iliyofikiwa nyundo ilipogongwa mnadani, au imejumlisha ada anayotozwa mnunuzi, kwa sababu tofauti yake inaweza kufika sehemu ya tano ya bei nzima. Bei za katalogi kwa kawaida ni za dukani, na muuzaji binafsi asitarajie kuzifikia. Tafuta mauzo manne au matano ya karibuni, ondoa la juu kabisa na la chini kabisa, na uone yaliyobaki yanakaa wapi. Andika vilevile bei za madaraja mawili yaliyo chini yake, kwani utazihitaji.

Sasa ndipo kasoro inapoingia. Namna ninayoiona kuwa ya haki ni kuishusha bei, bila kuligusa daraja lililoandikwa, hadi kwenye bei ya daraja la chini linalompa mnunuzi uradhi uleule wa macho. Jiulize hivi: mtu mwenye busara, akiwekewa sarafu hii ya XF 45 yenye mbonyeo, na nyingine iliyochakaa zaidi lakini isiyo na kasoro, ni daraja gani la hiyo ya pili litakalomfanya ashindwe kuchagua? Bei ya daraja hilo ndiyo bei ya sarafu yako. Tuseme soko linaonyesha kwamba XF 45 isiyo na kasoro huuzwa 100, VF 30 huuzwa 75, VF 20 huuzwa 60, na fedha iliyomo ina thamani ya 40. Namba hizi ni za mfano tu, na uhusiano wake ndio wenye maana. Mbonyeo mmoja mdogo wa ukingoni usiofikia herufi utaiweka kati ya 85 na 90. Mkwaruzo unaoonekana shavuni utaisogeza karibu na 70. Usafishaji wa zamani ambao umeshaanza kufunikwa na utando mpya wa kijivu utaiweka karibu na 65, na usafishaji mkali wa karibuni, wenye weupe usio na uhai, utaiburuta hadi 50 au chini ya hapo. Kasoro mbili zikiwa pamoja, usizijumlishe moja kwa moja. Ile kubwa huamua, na ndogo huongeza kidogo tu, kwa sababu mnunuzi aliyekwisha kuisamehe ya kwanza hujali kidogo ya pili.

Hesabu hiyohiyo hutoa majibu tofauti kabisa thamani inapotoka mahali pengine. Ikiwa sarafu ni ya kawaida sana, kama Morgan ya mwaka 1921 ambayo zilifuliwa zaidi ya milioni 80 katika mwaka mmoja, na katika daraja la VF bei yake safi ni 110 huku fedha iliyomo ikiwa na thamani ya 100, basi mkwaruzo hauna cha kula zaidi ya zile 10 za juu. Kumkubalia mnunuzi anayedai punguzo la nusu kwa ajili ya kasoro katika sarafu kama hiyo ni kumzawadia fedha yenyewe.

Upande wa pili kuna sarafu ambayo thamani yake yote imo ndani ya hali yake nzuri. Sarafu ya mwaka wa kawaida inayouzwa 1,000 ikiwa MS 65 na 150 ikiwa AU 50 haina uhaba wa kuisaidia; waliolipa 1,000 walinunua mng'ao na usafi wa uso. Mistari ya kitambaa ikionekana, sababu ya kulipa 1,000 imeondoka, na bei sahihi itakuwa karibu na ile 150, hata kama hakuna uchakavu wowote. Hili huwaumiza wenye sarafu kuliko jambo lingine lolote katika kazi hii, na naelewa kwa nini, lakini si ukatili wa wanunuzi.

Kwa sarafu iliyo adimu kweli, mambo yanalegea tena. Morgan ya mwaka 1893 yenye herufi S ya San Francisco zilifuliwa 100,000 tu, na wapo wakusanyaji wengi wanaohitaji moja ili kukamilisha mfululizo, ambao hawataweza kamwe kulipia iliyo safi. Watu hao huitafuta yenye kasoro kwa makusudi, na ushindani wao huifanya ibakize sehemu kubwa ya bei. Katika kundi hili tafuta mauzo halisi ya zenye kasoro zinazofanana na yako, kwa kuwa yapo, na yana ushahidi mzuri kuliko kanuni yoyote ya kushusha. Ila uhaba huohuo ndio unaowavuta wenye kughushi, ambao huongeza herufi au kukwangua namba za mwaka. Eneo linalozunguka herufi ya kiwanda lichunguzwe kwa lenzi kama kuna mshono au mkwanguo.

Kupeleka sarafu kwenye kampuni za upimaji, kama PCGS au NGC, kuna gharama ya upimaji, usafirishaji na bima. Sarafu yenye uharibifu kwa kawaida hurudi ikiwa kwenye kifuko chenye neno Details, pamoja na hali ya uchakavu na jina la kasoro, bila namba. Kwa sarafu ya kawaida hiyo ni hasara tupu. Kwa sarafu adimu ni jambo la busara, kwa kuwa mnunuzi anakuwa analipia uhalali uliothibitishwa, na neno lile halimshtui tena.

Namna ya kuieleza unapoiuza

Piga picha za pande zote mbili na ukingo, katika mwanga uleule uliotumia kuchunguza, na uongeze picha moja ya karibu ya kila kasoro uliyoiandika. Picha iliyopigwa kwa pembe inayoficha mkwaruzo hurudisha sarafu nyumbani ikiwa na malalamiko. Katika maelezo, taja daraja la uchakavu kwanza, kisha kasoro moja moja kwa jina lake, mahali pake na ukubwa wake, kwa mfano: "Uchakavu XF 45. Mbonyeo wa ukingoni wa milimita mbili juu ya mwaka, haufikii namba. Mikwaruzo myembamba ya usafishaji wa zamani upande wa kichwa, inaonekana ukiinamisha; upande wa tai una mng'ao wa asili. Uzito gramu 26.68." Usitumie maneno kama "nzuri kwa umri wake", kwani hayamwelezi mnunuzi chochote na humfanya ahofie yaliyofichwa.

Weka bei unayoomba juu ya makadirio yako kwa kiasi cha mazungumzo, sehemu ya kumi inatosha, na andika pembeni kiwango ambacho hutashuka chini yake, pamoja na tarehe uliyoikokotoa. Bei ya fedha ikipanda au kushuka kwa kiasi cha kuonekana, rudia hesabu ya sakafu kabla ya kumjibu mnunuzi yeyote; daraja na kasoro ulizoziandika hazihitaji kurudiwa, ilimradi sarafu imekaa muda wote ndani ya kifuko kigumu kisicho na PVC, mbali na karatasi zenye salfa, mipira ya kufungia na unyevu.